Taa ya Chumba cha Giza

12 Oktoba

Mama mkwe amenipa daftari hili niandike joto la chumba cha giza, asubuhi na jioni. Joto nitaliandika kurasa za nyuma. Huku mbele nitaandika yangu, maana nisipoyatoa mahali nitapasuka, na humu ndani hakuna mtu unayeweza kumwambia jambo likabaki pale ulipoliweka.

Leo tumeanza kung'oa chikori. Majani yake ni makubwa, mabaya, na hakuna anayeyataka. Kinachotakiwa ni mzizi, mrefu na mnene kama karoti iliyoshiba. Unaukata majani, unaulaza kwenye baridi mpaka usinzie, kisha unausimamisha gizani penye joto na maji. Hapo mzizi unadanganyika. Unadhani bado uko chini ya udongo, unachipua kichwa kimoja cheupe kilichojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hicho ndicho endivu. Kikiguswa na mwanga kinafunguka, kinakuwa kijani na kichungu kama shubiri. Kwa hiyo watu wengine wanalima mahindi, sisi tunalima giza.

Mama aliniweka kwenye meza ya kukatia. "Acha vidole viwili juu ya shingo," aliniambia. "Ukikata chini ya hapo umeua moyo. Moyo ukifa hupati kichwa, unapata vifaranga, vichipukizi vidogo visivyouzika."

Yeye hakati kwa macho. Anapitisha kidole gumba shingoni mwa mzizi, kisu kinashuka, na muda huo huo uso umegeukia ukutani akimsema mtu. Mimi nilikodoa macho mpaka yakaniuma, na bado kreti nzima nilikata chini mno. Aliyegundua ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Humu daftarini namwita Redio, kwa sababu haizimwi. Hadi chakula cha jioni kreti yangu ilikuwa imeshatangazwa mara tatu.

15 Oktoba

Mizizi yote imeingia kwenye chumba cha baridi. Mgongo si wangu tena.

24 Oktoba

Mume wangu ni fundi umeme, na kama kawaida ya mafundi, kwake mwenyewe ndiko kunakoharibika kila kitu. Swichi ya chumba cha giza ilikuwa inapiga shoti kwa sababu ya unyevu. Leo ameing'oa, ameweka taa ya kuvuta kamba. Unavuta, inawaka, unavuta tena, inazima. Na balbu ni ile mpya isiyokula umeme.

Nilidhani Mama atamshukuru. Alisimama chini ya balbu, akainua kiganja karibu nayo kama mtu anayepima kikaango, akasema, "Taa gani hii haina joto?"

"Ndiyo uzuri wake, Mama."

"Mwenye nyumba hakuulizwa." Akaondoka. Mume wangu akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemzaa huyo mama.

2 Novemba

Kreti za kwanza zimeingia gizani. Tumeipanga mizizi wima, imebanana, maji yanapita chini yake. Mlango hauna kufuli, una kitasa na blanketi zito linaloning'inia kwa ndani. Mama amesimama mlangoni akatupa amri zile zile: hakuna kuingia bila sababu, hakuna kuacha blanketi wazi, na taa iwashwe kwa kazi tu, tena upesi. Wanaoruhusiwa ni watatu: yeye, Redio, na mimi.

Nakiri, nakipenda kile chumba. Ukikaa dakika chache unasikia maji tu, na harufu ya udongo uliolowa. Hakuna anayekuuliza utazaa lini.

9 Novemba

Nimekuta taa inawaka. Mlango umefungwa, blanketi limeshuka, hakuna mtu ndani, na taa inawaka juu ya kreti zote kama kuna harusi. Nikazima. Mimi siyo. Mama hawezi. Anabaki nani?

10 Novemba

Joto la chumba ni zuri. Langu limepanda.

14 Novemba

Tena. Safari hii aliyeikuta ni Redio, na alihakikisha nyumba nzima inajua.

"Wifi, umeacha taa."

"Sijaingia tangu jana jioni."

"Basi imejiwasha. Kaka yangu siku hizi anafunga taa zenye akili."

Nikamwambia kwamba anayepiga kelele za mwizi wakati mwingine ndiye aliyebeba gunia. Hakupenda. Mama alikuwa anachambua mbegu za kunde barazani, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakusema nguo ya nani.

Usiku nilimuuliza mume wangu kama ananiamini. Alisema anatuamini wote. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kulala.

18 Novemba

Mvua. Redio na mimi tunapishana jikoni kama magari kwenye daraja jembamba.

23 Novemba

Tumevuna, na imekuwa aibu.

Nilijua tangu Mama alipokishika kichwa cha kwanza. Kilitakiwa kiwe kimefumba, kigumu, cheupe pee. Kilikuwa kimeachia majani kama mtu aliyefungua vifungo vya shati, na ncha zote zilikuwa kijani. Tukatoa cha pili, cha tatu, kreti nzima, ya pili. Hali ni ile ile. Mama alikuwa akivipapasa kimyakimya, anavirudisha. Redio naye, kwa mara ya kwanza, alikuwa anasema polepole: "Kijani. Hiki nacho kijani."

Mpishi wa hoteli alikuja mchana na gari lake dogo. Ndiye anayechukua endivu zetu zote kila msimu, na Mama anamheshimu kwa sababu hana maneno mengi. Alivunja jani, akatafuna, akatema kwenye leso.

"Mama, hizi nimpe sungura?"

"Kulikuwa na taa," alisema Mama.

"Najua kulikuwa na taa. Nakujua wewe tangu sijaota ndevu, hujawahi kunipa kijani." Akafuta midomo. "Nitakuja tena katikati ya Disemba. Zikiwa hivi, nitatafuta kwingine, na usinichukie."

Alipoondoka, Mama alibaki amesimama uani, uso ameuelekeza barabarani hata baada ya gari kupotea. Nilimsogelea nimpe pole. Nikakosa ujasiri.

24 Novemba

Tumeingiza kreti za pili. Ndiyo mizizi ya mwisho, hakuna mingine mpaka mwakani.

Nilipendekeza tung'oe ile balbu kabisa. Kwani kuna haja gani? Tutaingia na tochi. Nilidhani nimetoa wazo la maana. Mama aliruka kama nimemkanyaga.

"Taa haing'oki! Mnataka watu waseme tunafanya kazi kama popo?"

Watu gani, sijui. Lakini baadaye, tukiwa tunakunja magunia, ndipo aliposema lile nililokuwa naliogopa. Alilisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Mkaza mwana, sina ushahidi juu ya mtu. Lakini kabla hujaja humu, giza langu lilikuwa giza. Zikitoka kijani tena, utakwenda kwenu ukapumzike kidogo."

Kila mwanamke anajua mapumziko hayo. Dada yangu mkubwa alikwenda kupumzika hivyo hivyo, na huu ni mwaka wa saba bado amepumzika. Nilisema "Ndiyo, Mama," nikaendelea kukunja magunia. Gunia moja nililikunja mara nne.

Mume wangu nilimwambia. Alikaa kitandani muda mrefu, bisibisi mkononi, kama anatafuta skrubu ndani yangu. "Mama ana hasira tu. Zitapita."

"Zisipopita?"

Akageukia ukutani, akavuta shuka. Sasa najua nimeolewa na nani.

28 Novemba

Sijala vizuri. Naingia chumbani asubuhi kusoma kipimajoto, nahesabu pumzi, natoka. Nikitoka namwita Redio aje aone kwamba taa imezimwa. Anakuja, anaangalia, anasema "Haya." Tumefika huko.

2 Disemba

Taa imekutwa inawaka. Asubuhi niliizima mbele ya Redio, yeye mwenyewe shahidi. Adhuhuri akaikuta inawaka.

"Ulirudi!" alinifokea katikati ya uwanja. "Ulinifanya shahidi wa uongo!"

"Na wewe uliyeikuta? Nani alikuwa shahidi wako?"

"Mimi niharibu mali ya mama yangu? Nina faida gani?"

"Unataka chumba uachiwe wewe. Kila mtu anajua."

Alininyooshea kidole, nikaona machozi yanamlengalenga, na sikujali. Nilikuwa namchukia. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: nilimwombea mabaya, na mabaya yenyewe niliyachagua moja moja.

Mama alitoka chumbani mwake akishika ukuta. "Nyamazeni. Majirani wana masikio." Kisha akaniambia mimi, siyo mwanawe: "Kumbuka nilichokuambia."

4 Disemba

Nimekata shauri. Kama mnyama haonekani, unakaa karibu na zizi. Kesho Redio akidhani nimekwenda sokoni, nitakuwa ndani ya chumba cha giza. Nitamshika mkono ukiwa bado kwenye kamba.

5 Disemba

Nimeshika kalamu tangu jioni bila kuandika. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliaga, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia. Nilikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, kati ya kreti na bomba la maji. Taa ilikuwa imezimwa. Giza la mle si la usiku; usiku una nyota na nyufa. Mle huoni hata mkono ulioutia mdomoni. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, nikiyapanga maneno nitakayomwambia Redio, nikayafanya makali, nikayanoa tena.

Kitasa kikalia. Blanketi likafunguliwa, likafungwa. Nikajiandaa kuruka.

Taa haikuwashwa. Aliyeingia alitembea kwenye giza lile bila kugusa kitu, bila kujikwaa, akapita kreti ya kwanza na ya pili kama mtu anayepita sebuleni kwake. Nikasikia vidole vikipapasa vichwa vya endivu kimoja kimoja. Nikasikia sauti ya Mama ikinong'ona: "Msiniangushe, wanangu. Mwaka huu msiniangushe."

Nilitamani sakafu inimeze. Ningesema nini? Kwamba nimejificha kumvizia binti yake? Nikabana pumzi.

Halafu huko nje Redio akaita, "Mama! Uko ndani?"

Mama alishtuka. Nilisikia akigeuka upesi, mkono ukitafuta hewani, na kamba ikavutwa. Taa ikawaka.

Alikuwa amesimama mbele yangu. Si mbali, ningenyoosha mkono ningeshika upindo wa kanga yake. Uso wake ulikuwa umenielekea mimi, macho wazi, na mimi nimekaa chini yake kwenye mwanga wote ule, mdomo wazi kama mjinga. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Niko ndani. Nimewasha taa kidogo, naangalia maji."

"Kuna mgeni barazani."

"Nakuja."

Macho yake yalipita juu yangu, yakaenda ukutani, yakarudi, yakapita tena. Hayakusimama. Hapo ndipo nilipoelewa. Kidole gumba kwenye shingo ya mzizi. Mkono unaoshika ukuta. Gari la mpishi lililokwisha kupotea naye bado ameelekea barabarani. Mama haoni. Na mahali pekee ambapo mtu asiyeona anaweza kufanya kazi kuwashinda wote, bila yeyote kujua, ni humu.

Alivuta kamba. Taa ikazimika. Akasita. Ile swichi ya zamani ilikuwa na juu na chini, kidole kinajua. Kamba haina juu wala chini. Akavuta tena, na taa ikawaka. Akainua kiganja karibu na balbu, kama ninavyopima kikaango, kama alivyofanya siku ile tuliyodhani anatafuta ugomvi. Balbu ya zamani ingemjibu kwa moto. Hii ilikuwa baridi. Akatikisa kichwa, ameridhika, akatoka, akafunga blanketi kwa uangalifu ili mwanga usiingie.

Nilibaki nimekaa kwenye mwanga aliouacha. Redio alikuwa uani. Ningeita jina moja tu, ningekuwa nimepona. Mdomo ulishafunguka. Na hasira ilikuwepo, nisijifanye malaika: huyu alitaka kunirudisha kwetu kwa kosa lake mwenyewe! Lakini kile kiganja kilichoinuliwa kilikuwa bado mbele ya macho yangu. Nililia, nikajifuta kwa kanga, nikavuta kamba.

6 Disemba

"Rudisha swichi ya zamani," nilimwambia mume wangu.

"Ile ilikuwa inapiga shoti. Kamba ni salama."

"Weka mpya, lakini ya namna ile. Na balbu ile inayopata moto."

"Hizo siku hizi hazipatikani."

"Nimekuomba nguo? Nimekuomba viatu? Nimekuomba balbu."

Alinitazama. "Kuna nini kati yako na Mama?"

"Ukuta. Na kwenye huo ukuta nataka swichi."

Amefunga vyote viwili, swichi na balbu, kabla ya jua kuzama. Tuseme haki, hakuuliza tena.

7 Disemba

Mama aliingia asubuhi. Alipotoka, mkono wake ulikuwa bado kwenye fremu ya mlango.

"Nani amebadilisha swichi?"

"Mwanao, Mama."

"Nani amemtuma?"

"Mimi."

Nilikuwa nafagia. Nikaacha. Kidole chake gumba kilikuwa kikisugua fremu.

"Chini inawaka, juu inazima," nilisema. "Kama zamani."

"Najua juu na chini," alisema, akaenda zake.

Hajaniambia neno lingine siku nzima. Usingizi hauji. Mwanzo alitaka kunirudisha kwa sababu ya kijani. Sasa najua siri yake, ana sababu mbili.

8 Disemba

Kimya.

10 Disemba

Taa haijakutwa ikiwaka. Redio anasema nimeogopa, ndiyo maana nimeacha mchezo wangu. Nimemwachia aseme. Nimeanza kumwonea huruma: anamlinda mama yake dhidi ya mtu asiyekuwepo.

13 Disemba

Nimekunja nguo zangu chache, nikaziweka juu ya sanduku. Afadhali nijikunjie mwenyewe kuliko kukunjiwa.

15 Disemba

Mpishi alikuja mapema, akaingia nasi hadi chumbani. Mume wangu alikuwepo, Redio alikuwepo. Mama aliwasha taa kwa kidole kimoja bila kusita, akaenda kwenye kreti ya kwanza, akavunja kichwa kutoka kwenye mzizi wake. Kililia *kacha*, sauti ya kitu kigumu na kibichi. Hakumpa mpishi. Alininyooshea mimi.

"Rangi gani?"

Redio akacheka. "Mama, si unakiona?"

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza huyu."

Nilikipokea. Nikakigeuza chini ya balbu. "Cheupe, Mama. Ncha ni njano ya siagi. Kimefumba."

Akavunja kingine. "Na hiki?"

Hiki kilitoka kreti ya pembeni, ile iliyo karibu kabisa na balbu, na ilipigwa mwanga kabla sijabadilisha swichi. Nchani kulikuwa na kijani. Kidogo, cha kufichika chini ya kidole. Nikaona sanduku langu. Nikaona dada yangu akipumzika. Ningesema cheupe, nani angenibishia kabla sijakichomeka chini kapuni?

"Hiki kina kijani nchani, Mama."

"Mmeona!" Redio aliruka. "Nilisema mimi! Nilisema tangu mwanzo!"

Mama alikichukua, akang'ata ncha, akatafuna polepole. "Kweli. Kichungu." Akameza. Kisha akamgeukia binti yake, au mahali sauti yake ilipokuwa. "Mwache wifi yako. Taa nilikuwa naiacha mimi. Sioni, wanangu. Tangu mvua za mwaka jana naona ukungu, na tangu kiangazi hata ukungu umeondoka, limebaki giza."

Maji yalikuwa yanapita chini ya kreti. Redio, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza betri, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mume wangu aliangalia swichi, akaniangalia mimi, akakaa juu ya ndoo.

"Kwa nini hukusema, Mama?" alimuuliza.

"Mngenikalisha barazani na kunipa kunde nichambue." Akaelekeza uso kwangu. "Huyu alijua. Akanyamaza, na ningemfukuza angeondoka na maneno yake. Nilitaka kujua kama ananyamaza kwa wema au kwa hila. Mwenye hila angeniambia vyote ni vyeupe."

Mpishi alikuwa ameshaanza kujaza makasha. Alichambua vyenye kijani akaviweka kando, vilikuwa vichache. "Hivi nitakula mimi," alisema. "Vilivyobaki kwenye kreti nitavifuata vikishafumba."

16 Disemba

Redio ameniletea chai kitandani. Hakusema samahani. Alisema sukari ni mbili. Nilikunywa, ingawa naweka moja.

20 Disemba

Nguo bado ziko juu ya sanduku. Leo Mama aliingia kwangu, mkono wake ukapita kitandani, ukapita ukutani, ukalifikia lile bunda. Akalipapasa kama anavyopapasa mzizi kutafuta shingo.

"Hivi lini utakwenda kwenu ukapumzike?"

Nilidhani siku yenyewe imefika. Akakaa kando yangu.

"Nenda umsalimie mama yako. Kaa siku mbili, tatu, mchukulie kapu la endivu." Akazikunjua nguo zangu, moja baada ya nyingine, akaniwekea mapajani. "Lakini urudi kabla hatujavuna kreti za pembeni. Nani ataniambia rangi?"